Nani Kamuua Nani? Mapambano ya Wachezaji kwenye Gemu za Mtandaoni, kwa Wanaosikia Kelele Barazani

Jumamosi moja jioni, barazani kwetu Magomeni, Mtwara mjini, kijana wa jirani alitupa simu mkekani akashika kichwa kwa mikono miwili. "Wameniua! Wamechukua ng'ombe na mzigo wote!"

Mjomba wake alikuwa ameshuka kutoka Newala siku hiyo kufuatilia malipo ya korosho. Akaweka kikombe cha kahawa chini taratibu. "Ng'ombe wa nani?"

"Wangu, mjomba."

"Wewe una ng'ombe tangu lini?"

Kijana akaiokota simu, akamwonesha. Kwenye kioo alionekana mtu mdogo mwenye koti la ngozi, kalala chali msituni, na pembeni yake wengine watatu, majina yao yameandikwa kwa rangi nyekundu, wanampekua. Mjomba alitazama kwa muda mrefu. Kisha akanigeukia mimi, kwa kuwa anajua nacheza, akauliza: "Hawa ni watu, au ni simu inacheza yenyewe? Na kama ni watu, mbona hamwendi kuwashitaki?"

Swali lake lilikuwa la haki. Mtaani nimesikia majibu ya kila aina: kwamba hii ni kamari iliyovaa kanzu nyingine, kwamba ni wizi, kwamba watoto wanafunzwa ujambazi, kwamba ni katuni tu na anayelia ni mjinga. Nimecheza gemu za namna hii tangu enzi za kukodi kompyuta kwa saa, na ninaamini mkanganyiko wote unatoka mahali pamoja. Watu hawajaelezwa kwamba kila gemu ya aina hii imejengwa juu ya makubaliano ya mambo mawili: nani anaruhusiwa kumpiga nani, na aliyepigwa anapoteza nini. Mzazi akiyajua hayo mawili kuhusu gemu anayocheza mwanawe, ameshajua sehemu kubwa ya yale yanayomhusu.

Tuanze na maneno yenyewe. Gemu ya uhusika ni ile unayounda mtu wako, mhusika, ukampa jina na sura, kisha ukamkuza. Anaanza hana mbele wala nyuma. Polepole anapata upanga, anajifunza kuchimba madini, kushona ngozi, kuvua, kuuza sokoni. Ikiwa ni ya mtandaoni na ya watu wengi, maana yake ile dunia haimo ndani ya simu yako. Imo kwenye kompyuta kubwa za kampuni iliyotengeneza gemu, tunaziita seva, na simu yako ni dirisha la kuchungulia tu. Ukizima simu ukalala, dunia ile inaendelea: watu wanauziana, wanajenga, wanapigana, kama soko la samaki lisivyokusubiri wewe uamke.

Humo ndani kuna wapinzani wa aina mbili. Kuna majitu, mbwa mwitu na mazimwi yanayoendeshwa na kompyuta. Kupigana nayo vijana wanaita PvE, mchezaji dhidi ya mazingira. Na kuna watu wenzako, kila mmoja na simu yake, mwingine yuko Brazil, mwingine Poland, mwingine yuko Masasi. Kupigana na hao ndiyo PvP, mchezaji dhidi ya mchezaji. Kwa hiyo mjomba alijibiwa nusu ya swali lake papo hapo: ndiyo, wale watatu ni watu.

Tofauti kati ya hizo mbili mcheza bao anaijua bila kufundishwa. Zimwi la kompyuta lina mtindo wake. Ukilichunguza mara tano, ya sita unajua litainua mkono gani. Mtu aliyekaa upande wa pili wa bao anakutazama macho. Anakuacha ule kete tatu ili yeye ale kumi na mbili. Kesho hachezi kama alivyocheza jana, kwa sababu jana ulimshinda. Huo ndio utamu wa PvP, na hakuna picha nzuri wala muziki unaoweza kuuzidi. Tena kwenye bao kete uliyokula haitupwi nje. Unaipanda upande wako na inakutumikia wewe. Shika hapo, kwa sababu nguo na silaha za aliyeuawa kwenye gemu nyingi hufanya hivyohivyo: hazipotei zote, hubadilisha mwenyewe.

Jambo hili lina umri mkubwa kuliko wengi wa wanaolicheza. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex nchini Uingereza, mwanafunzi Roy Trubshaw alianza kutengeneza dunia ya namna hii, na mwenzake Richard Bartle akaiendeleza. Haikuwa na picha hata moja, ilikuwa maandishi matupu: "uko msituni, kuna njia ya kaskazini." Hata humo watu waliweza kuuana. Bartle aliwatazama wachezaji kwa miaka mingi, na mwaka 1996 akawagawa katika makundi manne: wanaotafuta mafanikio, wanaopenda kuzurura na kugundua, wanaokuja kwa ajili ya watu, na wanaofurahia kuwashinda wengine kwa nguvu. Nenda uwanja wa Nangwanda Sijaona siku ya mechi utawaona wote wanne jukwaani. Mmoja anahesabu pointi za ligi, mwingine anasoma mfumo wa kocha, wa tatu kaja kupiga soga na marafiki, wa nne hatulii mpaka amemkera shabiki wa timu nyingine. Shida ya gemu za mtandaoni ni kwamba hawa wanne wanawekwa ndani ya uwanja wenyewe, wote na silaha mkononi.

Shida hiyo ilipasuka mwaka 1997. Mwezi Septemba ilitoka gemu iitwayo Ultima Online, na waliotengeneza walitaka dunia huru: unaweza kuwa mwokaji mikate, unaweza kuwa mwizi. Hata kabla haijatoka rasmi, Agosti mwaka huohuo, wakati wa majaribio, bosi wao Richard Garriott alikuwa akitembelea miji ya gemu akiwa na mhusika wake, mfalme Lord British, aliyetakiwa kuwa hafi. Seva ilikuwa imezimwa na kuwashwa upya, na kinga yake haikurudishwa. Mchezaji mmoja akawasha moto wa uchawi miguuni pake, mfalme akafa mbele ya raia wake. Watu walicheka sana, lakini lilikuwa onyo. Gemu ilipofunguliwa, magenge yalikaa nje ya miji yakisubiri wageni. Mtu anatoka getini na kisu chake cha kwanza kwenda kuchuna sungura, hafiki mbali.

Watengenezaji waliamini wachezaji wema wangejipanga wenyewe na kuwadhibiti wabaya, kama sungusungu wa kijijini. Haikutosha, na sababu yake inaeleweka. Sungusungu anamjua mwizi kwa sura, kwa mama yake na kwa nyumba yake. Kwenye gemu muuaji hana mama anayefahamika. Akichafuka jina, anaunda mhusika mpya kesho asubuhi. Zilijaribiwa alama za sifa, majina mekundu, na marufuku ya kuingia mijini. Mwisho, mwaka 2000, waliigawa dunia kuwa mbili zinazofanana: moja ikabaki ya hatari kama zamani, nyingine huwezi kumpiga mtu asiyekubali. Wengi walihamia upande wa amani. Wapo mpaka leo wanaosema siku hiyo gemu ilikufa, na wapo wanaosema ndiyo siku ilipopona. Mimi naona wote wawili wana hoja, kwa sababu hapo ndipo ilipodhihirika kwamba neno zito katika mambo haya ni ridhaa.

Niliposema hivyo barazani, mjomba alitikisa kichwa, hakuridhika. Basi nikamuuliza: kijana akipigwa teke la ugoko uwanjani akianguka, tunafanya nini? Tunamwita refa, ni rafu, mchezo unaendelea. Teke lilelile akipigwa pale sokoni akinunua nyanya? Hapo ni polisi. Mguu ni uleule, maumivu ni yaleyale. Kilichobadilika ni mstari wa chokaa, na kwamba kijana alivaa jezi akauvuka mwenyewe kwa miguu yake. Kila gemu ya PvP ina mstari wake wa chokaa. Zinatofautiana mahali pa kuuchora.

Ziko zinazouchora kwa kuweka uwanja maalumu. World of Warcraft, iliyotoka mwaka 2004, iliwagawa wachezaji pande mbili hasimu, na mwaka 2005 ikafungua viwanja vya vita ambako kila upande unaingia na idadi yake, mnapigania bendera, mkimaliza mnatoka. Hakuna anayepoteza koti wala upanga. Ni mechi kamili. Nje ya viwanja hivyo, tangu mwaka 2018, kuna kitu kama swichi: ukiwa mjini unaamua kuwasha hali ya vita au kuizima. Aliyewasha anaonana na waliowasha tu, na anapewa nyongeza kidogo kwa kukubali hatari.

Ziko zinazouchora ardhini. Hii ndiyo aina anayocheza kijana wetu. Gemu yake ni Albion Online, iliyotengenezwa na kampuni ya Ujerumani, ikatoka mwaka 2017 na kuingia rasmi kwenye simu mwaka 2021. Ndiyo maana unaikuta kwenye simu za kawaida za vijana wa hapa. Ramani yake imepakwa rangi. Eneo la bluu hakuna wa kukupiga. Njano unaweza kupigwa ukazimia, lakini huuawi na vitu vyako havichukuliwi. Nyekundu ukiuawa unaporwa kila ulichobeba, ila muuaji anachafuka jina, na ramani inakuonesha kuna maadui wangapi katika eneo hilo. Nyeusi hakuna hata hilo la kuchafuka jina. Na madini bora, ngozi bora na mbao bora viko wapi? Huko kwenye nyekundu na nyeusi. Kijana alijua. Alipovuka kuingia nyekundu gemu ilimwonya, akabonyeza kukubali.

Aina ya tatu naipenda zaidi kwa namna ilivyofikiriwa. Ni ya gemu kongwe iitwayo RuneScape, ya mwaka 2001, niliyoianza mimi; leo utaratibu huu umebaki kwenye toleo lake liitwalo Old School RuneScape. Kaskazini mwa ramani kuna nyika ya hatari, na kadiri unavyozidi kwenda kaskazini ndivyo watu wa viwango vinavyopishana zaidi na chako wanavyoruhusiwa kukushambulia. Mpakani anaweza kukugusa mtu wa uwezo wako tu. Ukizama ndani, hata jabali anakuona. Ukiuawa unabaki na vitu vitatu vyenye thamani kuliko vyote ulivyobeba. Lakini anayeanza ugomvi, anayempiga asiyempiga, hutokewa na fuvu juu ya kichwa, na akiuawa akiwa na fuvu kwa kawaida habaki na hata kimoja. Ona hekima iliyomo. Hawakumkataza mchokozi, walimfanya aweke rehani kila alichovaa.

Mzazi mmoja aliwahi kuniambia, "Basi wangeondoa tu hilo la kupokonyana, watoto wasilie." Wengine wameliondoa, na gemu zao ni nzuri. Lakini kuna sababu ya kuliacha, na sababu hiyo ni ya kiuchumi. Nenda Mikindani asubuhi uangalie wavuvi wanaoshona nyavu. Nyavu zingekuwa hazichaniki kamwe, muuza nyuzi angekula nini? Katika gemu ambazo kila upanga umefuliwa na mchezaji, upanga usipopotea wala kuvunjika, baada ya mwaka kila mtu ana upanga na mfua vyuma hana mteja. Kwenye Albion, mtu akiuawa eneo la kupora, sehemu ya vitu vyake huharibika kabisa na sehemu huchukuliwa na muuaji. Kile kilichoharibika ndicho kinachompa kazi fundi wa kesho. Kijana anayelia kwa koti lake hajui kwamba yeye mwenyewe, wiki iliyopita, aliuza ngozi kwa bei nzuri kwa sababu mtu mwingine aliporwa koti.

Mfano mkubwa kuliko yote uko angani. EVE Online, ya kampuni ya Iceland, iko hewani tangu 2003, na wachezaji wanarusha vyombo katika mifumo ya nyota zaidi ya 7,000. Kila mfumo una namba ya usalama. Kuanzia 0.5 hadi 1.0 kuna askari wa gemu, ambao hawamzuii mtu kukupiga; kazi yao ni kuhakikisha aliyekupiga bila haki anapoteza chombo chake. Kwa hiyo majambazi hupiga hesabu. Wakichungulia shehena yako wakaona thamani yake inazidi vyombo watakavyopoteza, wanakupiga wakijua askari watawaangamiza, na mwenzao asiye na kosa anakuja nyuma kuokota mzigo. Waliokwisha kusindikiza shehena ya thamani usiku watakuwa wameielewa hesabu hiyo kabla sijamaliza sentensi.

Katika gemu hiyohiyo, tarehe 27 Januari 2014, muungano mmoja ulishindwa kulipia ada ya kumiliki mfumo uitwao B-R5RB, uliokuwa ngome yao. Ulinzi ukaanguka, maadui wakaingia. Pigano lilidumu saa 21 na kuhusisha wachezaji zaidi ya 7,500. Manowari 75 za daraja la juu kabisa, ambazo moja huchukua wiki nyingi kuijenga, ziliteketea. Hasara ilikadiriwa kufika dola za Marekani 300,000, na hapa ndipo magazeti mengi yalipowapotosha watu. Hakuna aliyetoa dola hizo mfukoni siku ile. Ni makadirio, yaliyopatikana kwa kulinganisha fedha ya gemu na bei ya muda wa kucheza ambao watu hununua kwa pesa halisi. Kilichopotea kwa hakika ni kazi: maelfu ya saa za watu kuchimba, kusafirisha na kuunda. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema "ni katuni tu." Mtu aliyefuma mkeka kwa miezi mitatu ukauchoma moto, humwambii ni ukindu tu.

Sasa turudi kwenye simu ya kijana, maana kuna lawama moja inasikika barazani kila siku: "Ananitangulia kupiga, huyu anaiba!" Mara nyingi hakuna wizi. Kuna umbali.

Kumbuka seva ndiyo refa. Ukibonyeza kitufe cha kupiga, kidole chako hakimpigi mtu, kinatuma barua kwa refa ikisema "naomba kupiga." Barua hiyo inatoka Mtwara, inafika Dar es Salaam zaidi ya kilomita 500, inaingia kwenye nyaya zilizolala chini ya bahari, inakwenda mpaka Ulaya au Marekani seva ilipo, refa anaamua, jibu linarudi njia ileile. Mwanga ndani ya nyaya hizo hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde moja, kasi ya kutisha, lakini njia ni ndefu na kuna vituo vingi katikati. Muda wa kwenda na kurudi ndio vijana wanaita pingi. Mimi nikiwa hapa mara nyingi naona kati ya milisekunde 180 na 250, yaani kama robo ya sekunde. Mwenzangu wa Ujerumani anayeishi karibu na seva ana 20.

Robo sekunde ni kitu gani? Fikiria mnaangalia mpira kwenye banda umiza, na jirani ana redio. Kwenye skrini yenu mshambuliaji bado anainua mguu, jirani ameshapiga kelele "Gooo!" Goli lake na lenu ni moja, habari tu imepita njia fupi kwake. Ndivyo ilivyo kwenye pambano. Wewe unamwona adui bado yuko mbali, refa ameshaandika kwamba amekufikia na amekupiga. Unajikinga dhidi ya mtu aliyekwisha kupiga.

Mwezi Mei 2024 wengi tuliona kwa macho jinsi njia hiyo ilivyo nyembamba. Nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini tarehe 12, na intaneti ikadorora Tanzania na nchi jirani. Mwanzoni mwa mwezi huohuo mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya zilikuwa zimekata barabara yetu ya Dar huko Kilwa. Lori la saruji na barua ya gemu vyote vilikuwa vimekwama, kila kimoja kwenye barabara yake.

Kwa mchezaji wa kusini hili lina maana ya vitendo. Usichague mtindo wa kupigana unaotaka kidole chepesi. Chagua unaotaka kichwa. Mganga anayeponya wenzake anaweza kutangulia kuhisi nani ataumia. Mlinzi mwenye ngao anasimama mahali pazuri mapema. Na gemu za kupigana kwa zamu au kwa mipigo ya polepole zinasamehe pingi kubwa. Kubadili simu ukanunua ya bei mbaya hakufupishi bahari.

Nimegusia mganga na mlinzi, na hapo pana jambo ambalo anayetazama kwa nje halioni kabisa. Anaona fujo, rangi zinamwagika. Kumbe pambano la kundi lina nafasi kama timu ya mpira: mmoja wa kupokea kipigo, mmoja wa kuponya, wengine wa kuumiza, na mmoja wa kuita. Huyu wa kuita ndiye nahodha. Anataja jina moja la adui, na wote kumi wanampiga huyohuyo. Kumi wakipiga watu kumi tofauti, waganga wa upande wa pili wana muda wa kuwaponya wote. Kumi wakipiga mmoja, anaanguka kabla mganga hajageuka, na sasa mko kumi kwa tisa. Kisha kumi kwa nane. Nimewaona vijana wasiopokeana maneno nyumbani wakitulia kimya kabisa kwenye vipokea sauti, wakimsikiliza binti mmoja wa Lindi akitaja majina.

Tumalizie swali la mjomba la kushitaki. Kumpora mtu ndani ya eneo ambalo kanuni zinaruhusu si wizi, kama kula kete za mwenzio kusivyokuwa wizi. Lakini kuna mambo yanayofanana nayo ambayo ni wizi kweli, na wazazi mngeelekeza macho huko. Mtu akimhadaa mwanao ampe nywila, akaingia kwenye akaunti yake na kuikomba, hapo hajacheza gemu. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na kuingia bila ruhusa kwenye mfumo wa mtu ni kosa. Hadaa yenyewe ni ya kawaida: "Nipe akaunti nikupandishie kiwango," au kiungo kinachodai kugawa dhahabu ya bure. Mwambie mwanao kwamba kampuni ya gemu haimwombi nywila.

Vipi kamari? PvP yenyewe haiweki dau la shilingi. Mpaka unavukwa pale watu wanapouziana mali za gemu kwa pesa halisi kinyume na kanuni. Biashara hiyo ilifikia kiasi kwamba Desemba 2007 wenye RuneScape waliondoa kabisa mapigano na uporaji wa nyikani, kwa kuwa wauza dhahabu walikuwa wanakabidhiana mzigo kwa njia ya "kuuana": mnunuzi anamuua muuzaji, anaokota. Wachezaji walikasirika sana, na nyika haikurudi katika hali yake mpaka Februari 2011, baada ya kura. Wanyonge waliopenda mchezo wao walilipia dhambi za wachuuzi. Anayenunua dhahabu ya magendo anajiweka kwenye hatari ya kufungiwa akaunti, na hakuna wa kumrudishia pesa.

Ni kweli pia kwamba gemu nyingine zinauza nguvu waziwazi: anayelipa anapata upanga usiopatikana kwa jasho. Hizo sizitetei. Kwenye gemu za uporaji kamili jambo hili hujigeuza kwa namna yake, kwa sababu tajiri asiyejua kupigana ni hazina inayotembea. Anaingia na vazi la gharama, anatoka bila vazi.

Kuna kitu kimoja ambacho kanuni zinakiruhusu na mimi nakichukia. Ni pale mtu wa kiwango cha juu anapokaa juu ya maiti ya mtoto anayeanza, anamsubiri afufuke, anamuua tena, tena na tena, bila kupata kitu chochote zaidi ya uchungu wa mwenzake. Kushinda ni jambo jingine. Huu ni uonevu, na jina lake halibadiliki kwa kuwa umefanyika kwenye kioo. Gemu nyingi zina kitufe cha kuripoti na cha kumzuia mtu asikuandikie. Mtoto afundishwe kuvitumia, na afundishwe kwamba kutoka nje ya gemu ukaenda kunywa maji si kushindwa.

Mjomba alisikiliza yote hayo kahawa ikipoa. Mimi nilidhani atauliza tena kuhusu polisi. Badala yake alimgeukia mpwa wake na kuuliza swali ambalo hakuna mcheza gemu yeyote barazani aliyekuwa ameliuliza: "Mzigo huo ulikuwa wa siku ngapi?"

"Siku nne, mjomba."

"Na ulikuwa peke yako?"

"Ndiyo."

"Na ramani ilikuonesha kuna wekundu?"

"Ilionesha watatu."

"Watatu, umewaona, na mzigo wa siku nne ukaupakia wote kwenye ng'ombe mmoja, safari moja." Hakuinua sauti. Mtu aliyesafirisha korosho tangu barabara ya Newala ni vumbi tupu hana haja ya kuinua sauti.

Jumamosi iliyofuata kijana alikaa palepale. Alikuwa na rafiki yake wa Chikongola kwenye simu, mmoja anatangulia mtupu kuchungulia njia, mwingine nyuma na nusu ya mzigo. Walisimama mara mbili. Mara ya kwanza ramani ilionesha wekundu wawili, wakarudi kwenye njano, wakangoja, chaji ikashuka mpaka asilimia 11. Kisha ng'ombe akapita geti la mji.

"Imefika, mjomba."

Mjomba akavuta kigoda karibu na simu. "Bei ya leo ikoje?"